Nyanya Anaenda Kutazama Besiboli

Nilikaa Minnesota miaka kumi na mmoja nikiwahudumia wazee, kisha nikarudi nyumbani Kisumu. Tangu niseme katika ukurasa huu kwamba naupenda mchezo wa besiboli, barua hazijaacha kuja. Leo najibu tatu.

*Dada, mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Kisumu, nina miaka 67. Mwezi wa Julai nakwenda Minnesota na mzee wangu kumwona kijana wetu na wajukuu watatu, kitinda mimba ana miaka minne. Kijana anataka kutupeleka viwanja vitatu vya besiboli kwa wiki moja: Minneapolis, Milwaukee na Chicago. Magoti yangu hayana nguvu. Mzee naye anaijua Gor Mahia tu, na anauliza atakaaje saa nzima akitazama watu waliosimama. Tukubali au tukatae? – Nyanya wa watatu, Kisumu*

Mwalimu, kubalini. Ila safari ipangwe na magoti yako, si na hamu ya kijana wako. Nasema hivi kwa sababu nilikosea mwenyewe.

Mwaka 2014 mama yangu alinitembelea kutoka Vihiga. Nikamnunulia tikiti ya bei nafuu, viti vya juu kabisa, juani, baada ya ngazi ambazo alizipanda akizihesabu kwa sauti. Mimi niliutazama mchezo, yeye alinitazama mimi. Raundi ya tatu, kati ya tisa za mchezo, akaniuliza kwa upole kama basi la kurudi lilikuwa limefika. Nililala vibaya usiku ule. Safari ya pili nilitafuta mambo manne tu ya maana: kiti nyuma ya mpigaji, chini ya kivuli cha ghorofa ya juu, mwanzoni mwa safu ili asiwaombe watu njia kila akitaka kwenda msalani, na pasipo na ngazi nyingi. Tuliingia milango ilipofunguliwa tu, kabla ya msongamano. Mama alikaa mpaka mpira wa mwisho.

Kwa hiyo mwambie kijana anunue tikiti akiwa na ramani ya viti mbele yake, tena aulize upande gani hupata kivuli saa ya mchezo. Marekani kuna sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, na viwanja hivi vyote vina lifti na sehemu za viti vya magurudumu. Ukichoka mlangoni, waulize wahudumu kama kuna mtu wa kukusukuma kwa kiti hadi mahali pako. Usione haya, Mwalimu. Nimewaona wazee wa kwao wakisukumwa huku wamevaa kofia ya timu, wanacheka.

Kuhusu viwanja vitatu kwa wiki moja, kwanza kijana afungue ratiba. Kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu, 81 nyumbani na 81 ugenini, lakini hukaa nyumbani siku kadhaa mfululizo halafu inaondoka siku kadhaa. Huenda mkafika Milwaukee mkakuta timu iko California. Kutoka Minneapolis hadi Milwaukee ni kama saa tano kwa gari. Kutoka Milwaukee hadi Chicago ni karibu kilomita 150, kama Nakuru na Nairobi. Kuna pia treni kutoka St. Paul inayopitia Milwaukee hadi Chicago, na kwa magoti yako naipenda kuliko gari, kwa kuwa unaweza kusimama na kutembea.

Ningekuwa mimi, ningetazama michezo miwili tu, Minneapolis na Milwaukee, na kati yake ningeweka siku mbili za kupumzika. Chicago ningepita kuuona uwanja kwa nje.

Target Field ya Minneapolis ilifunguliwa mwaka 2010, na treni ya mjini inasimama pale pale mlangoni. Mzee akiuliza timu inaitwaje, mwambie ni Mapacha, kwa sababu Minneapolis na St. Paul ni miji pacha iliyotengwa na mto Mississippi. Kwetu tungewaita Opiyo na Odongo, na majirani zetu wa Bungoma wangesema Mukhwana na Mulongo. Juu ya uwanja kuna picha kubwa ya taa ya wachezaji wawili wanaopeana mkono ng'ambo ya mto. Mchezaji wao akipiga homurani, yaani mpira ukavuka ukuta, taa zile zinawaka na mkono unatikisika. Mjukuu wa miaka minne atakuwa akiangalia huko muda wote. Nje ya uwanja milango mingine ina namba za wachezaji wa zamani. Wa 34 ni wa Kirby Puckett, ambaye mwaka 1991, katika mchezo wa sita wa fainali, alimaliza kazi kwa homurani ya raundi ya 11.

Chagueni mchezo wa jioni, unaoanza karibu saa kumi na mbili na nusu. Msihofu giza, maana Julai kule jua huzama karibu saa tatu usiku, jambo ambalo mzee ataliongelea Kisumu kwa miaka. Mkipata mchezo wa mchana, mchukue kofia, na leso yako usiiache.

Milwaukee ni tofauti. Uwanja una paa linalofunguka na kujifunga kama upepeo wa mkononi, kwa hiyo mvua haiwezi kuwavurugia siku. Lakini raha yenyewe iko kwenye maegesho. Watu hufika saa mbili au tatu kabla, wanafungua buti za magari, wanawasha majiko na kuchoma nyama. Sisi tulikwenda na mbuzi aliyekwisha kulowekwa kwa limau, kachumbari kwenye bakuli lenye kifuniko, na ugali tulioufunga kwa taulo. Jirani wa gari la pili alikuja kuuliza ule mkate mweupe ni nini, akala, akatuletea soseji zake. Soseji ni heshima ya mji ule. Kabla ya nusu ya pili ya raundi ya sita, watu watano waliovaa mavazi makubwa ya soseji hushindana mbio kuzunguka uwanja, na familia nzima huchagua nani atashinda. Mwambie kila mjukuu achague yake kabla, msije mkagombana baadaye.

Sasa mzee na watu waliosimama. Wewe ni mwalimu. Bila shaka umewahi kupuliza kipenga cha raundasi. Mweleze hivyo hivyo. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga na gongo, anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, anarudi nyumbani na kupata alama. Tofauti ni kwamba hapa mpira ukitua nje ya mistari miwili si mpigo halali, na mpigaji akikosa mara tatu ametoka. Watatu wakitoka, timu zinabadilishana. Zamu moja ya kila timu ni raundi moja; kila timu ikishapata zamu tisa, mchezo umekwisha, isipokuwa alama zikilingana, kwa maana hakuna sare. Wanaendelea mpaka mmoja ashinde. Hilo mzee wa Gor atalipenda.

Wale waliosimama, mwambie, kila mmoja analinda shamba lake. Amtazame mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji. Anatoa ishara kwa vidole katikati ya magoti, au siku hizi kwa kifaa kidogo, kumwambia mrushaji ni mpira gani arushe. Mzee akishaona ile siri kati ya wawili wale, hatauliza tena kwa nini watu wamesimama. Na mchezo haukawii kama zamani. Tangu 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde: 15 kama besi hazina mtu, na siku hizi 18 kama zina mtu. Michezo mingi huisha ndani ya saa mbili na dakika arobaini hivi. Katikati ya raundi ya saba uwanja mzima husimama, hujinyoosha na kuimba. Hapo ndipo magoti yako yatakaposhukuru.

Jambo moja la kuwaonyesha wajukuu. Katika kila uwanja wa ligi ile kubwa, tafuteni namba 42 imetundikwa mahali. Ni ya Jackie Robinson, ambaye tarehe 15 Aprili 1947 alivunja ukuta uliowazuia Weusi kucheza ligi hiyo. Mwaka 1997 ligi iliamua hakuna atakayepewa namba hiyo tena, ila kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa. Mama yangu aliiona akaniuliza ni ya nani. Nilipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema angependa baba yangu angeiona.

Na Chicago, mkipita: Wrigley Field, uwanja wa timu ya Cubs, ni ya mwaka 1914. Ukuta wa matofali wa nyuma umefunikwa na mmea unaotambaa uliopandwa 1937, ubao wa matokeo hubadilishwa kwa mkono, na mpaka 1988 haukuwa na taa, wakicheza mchana tu. Nje kuna sanamu ya Ernie Banks, Mweusi wa kwanza kuchezea timu hiyo, mwaka 1953. Pigeni picha pale, mle, mrudi mkalale.

*Dada, mimi ni baba wa Nakuru. Agosti tutakuwa kwa dada yangu Lowell, Massachusetts, na mama watoto, binti wa miaka tisa na kijana wa miaka mitatu. Binti anataka kuona Fenway, uwanja wa besiboli wa Boston. Naogopa mpira kumgonga mtoto, na bei zimenitisha. Nifanyeje? – Baba wawili, Nakuru*

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki. Mpira ule ni mgumu na huja kwa kasi. Kufikia 2020 timu zote 30 zilikuwa zimerefusha nyavu za kukinga watazamaji kuelekea pande zote mbili za uwanja. Kata tikiti nyuma ya wavu, na kijana akae kati yenu wawili. Simu ziingie mfukoni mrushaji anapojiandaa.

Lakini ningewagawa. Mtoto wa miaka mitatu mpeleke kwanza Worcester, karibu saa moja kwa gari kutoka Lowell. Huko kuna uwanja mpya wa mwaka 2021 wa timu ndogo ya Boston, ambako wachezaji hukomazwa kabla ya kupanda. Tikiti huwa nafuu na uwanja ni mdogo, kwa hiyo mkiondoka raundi ya tano kwa sababu kijana analia, roho haitakuuma.

Kisha siku nyingine wewe na binti mpande treni kutoka Lowell hadi North Station, mbadilishe hadi Kenmore, mtembee na umati. Fenway ni ya 1912, viti vya zamani ni vyembamba, na baadhi ya viti viko nyuma ya nguzo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Mwonyeshe ukuta wa kijani upande wa kushoto, urefu wake zaidi ya mita 11. Mwambie atafute pia kiti kimoja chekundu katikati ya viti vya kijani upande wa kulia. Ndipo ulipoangukia mpira uliopigwa na Ted Williams, mchezaji wa Boston, mwaka 1946, mita 153. Tikiti za mchezo zikishinda mfuko, kuna matembezi ya kuongozwa ndani ya uwanja, kama saa moja, na binti atauona ule ukuta kwa karibu zaidi.

Mikoba: kila uwanja una sheria zake za ukubwa, zisome usiku wa kabla. Mimi nilirudishwa mlangoni katika uwanja mmoja kwa sababu ya begi la mgongoni, nikakosa raundi mbili nikitafuta pa kuliweka, mwanangu akilia. Viwanja vingi pia havichukui noti tena, kadi tu, na tikiti iko kwenye simu. Simu iwe na chaji.

*Dada, niko Kidato cha Pili, Kakamega. Nacheza raundasi shuleni. Je, kuna Mwafrika aliyewahi kufika ligi ile? Na siku moja nikiwapeleka wazazi wangu, niwapeleke wapi? – Mpigaji, Kakamega*

Mwanangu, yupo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi hiyo, tarehe 26 Aprili 2017, Pittsburgh. Mama yake alifanya kazi katika klabu ya besiboli kule kwao, wakaishi humo humo klabuni, na kijana akakua akiona mpira kila anapofungua mlango. Siku yake ya kwanza, mara yake ya kwanza kushika gongo, aliupiga mpira akafika besi.

Kwa hiyo wapeleke Pittsburgh. Uwanja uko kando ya mto, na siku za mchezo daraja la Roberto Clemente hufungwa magari ili watu wapite kwa miguu. Clemente alikuwa wa Puerto Rico. Alifikisha mipigo 3,000 kamili, na usiku wa tarehe 31 Desemba 1972 akafa katika ajali ya ndege akiwapelekea msaada waliokumbwa na tetemeko la ardhi Nicaragua. Anza ng'ambo ya mji, mshike mama mkono, mvuke daraja lile taratibu mchana, mkiuona uwanja mbele yenu.