Shingo upande siyo bila hiari
Mdau umeuliza kama "shingo upande" ni sawa na "bila hiari", hapana aisee, zinakaribiana tu. Shingo upande unakubali ila moyo haupo, mfano konda wa Mbagala kakwambia sogea nyuma na gari limeshajaa, unasogea huku umenuna, hiyo ndo yenyewe. Bila hiari ni pale huna pa kuchomokea kabisa, kama daladala imekatisha ruti mkashushwa wote Mtoni, hapo utasema pia kwa lazima, kwa shuruti, au kimtaani tu "imenibidi". Sasa breki zikipigwa ukamkanyaga mtu hiyo ni bila kukusudia, watu wanaichanganya sana hii. Na chafya je? Inakutoka tu, "nimejikuta napiga chafya".