Simu mpya zina jipya gani? Jibu kutoka mezani kwa fundi

Mkuu mtoa mada, nimeusoma uzi wako na majibu ya wadau wote. Unasema una Samsung Galaxy S21 uliyoinunua mwaka 2021, kioo kizima, mgongo una michubuko tu, ila chaji haikufikishi saa kumi jioni. Una milioni mbili na nusu umeziweka, unauliza uchukue toleo jipya au hawa jamaa siku hizi wanabadilisha rangi tu na kutuuzia. Nusu ya waliokujibu wamesema simu zote sasa ni zile zile. Nusu nyingine wamekuita mshamba. Mimi ni fundi simu Kariakoo, huu mwaka wa kumi na tano meza ile ile, na simu nazifahamu zaidi zikiwa zimefunguliwa. Swali lako naulizwa kila wiki, kwa hiyo vumilia, nitajibu kwa kirefu.

Tuanze na simu yako mwenyewe. Iweke kando ya S25 iliyotoka mwanzoni mwa 2025. Kioo inchi 6.2, na ile nyingine 6.2. Zote zinateleza kwa hezi 120, yaani kioo kinajichora upya mara 120 kwa sekunde. Betri 4,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na ile nyingine 4,000 mAh. Kuchaji wati 25, kwa wati 25. Katikati hapo S22 ilishuka mpaka 3,700, yaani aliyehama kutoka kwako kwenda mbele alilipa hela akapunguziwa chaji. Kamera za nyuma kuanzia S22 hadi S25 zimeandikwa namba zile zile mwaka hadi mwaka: megapikseli 50, 12 na 10. Kilichopanda ni prosesa (ubongo wa simu), RAM (memori ya kufanyia kazi) kutoka GB 8 kwenda 12, na miaka ya apdeti, yaani kuletewa programu mpya na kampuni. Kwa hiyo wanaosema ni zile zile hawajakudanganya. Na si kampuni hiyo peke yake, ni vile tu wewe unatumia ya kwao.

Ila wanaangalia sehemu moja ya duka.

Kwenye droo yangu nina Galaxy S5 ya mwaka 2014. Siiuzi. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huwa nawapa waishike. Kifuniko cha nyuma unakibandua kwa kucha, betri unaitoa kwa kidole, unaweka nyingine, safari inaendelea. Ina sehemu ya memori kadi. Inasoma alama ya kidole, inapima mapigo ya moyo, inawasha TV kama rimoti. Na inahimili maji, daraja la IP67, yaani mita moja kwa dakika 30. Nakazia hapo kwenye maji, maana tumekuja kuambiwa betri zimegundishwa ndani ili maji yasiingie. Mwaka uliofuata S6 ikaja na mgongo wa kioo, betri imefungwa, memori kadi imeondolewa, na hata maji haikuyahimili. Ilikuwa nzuri kuitazama, nakubali.

Halafu ikaanza miaka ya kuondolewa vitu. Mwaka 2016 iPhone 7 ikaondoa tundu la eafoni. Mwaka 2020 iPhone 12 ikaja bila chaja kwenye boksi, na hiyo S21 yako ikafuata mkondo huo huo: bila chaja, bila memori kadi. Kila kimoja kilikuwa na maelezo yake jukwaani siku ya uzinduzi. Kwangu mezani maelezo yalikuwa mengine: wateja walianza kununua chaja za elfu tano za barabarani, na mimi nikaanza kupata kazi nyingi za kubadilisha tundu la chaji. Sasa Umoja wa Ulaya una sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri ya simu mtumiaji aweze kuitoa mwenyewe, ingawa wameacha mianya kwa betri zinazodumu sana. Ikitekelezwa vizuri, jambo jipya la 2027 litakuwa lile lililomo kwenye droo yangu.

Sasa huko ambako watu hawaangalii. Jambo jipya kubwa zaidi nililoliona miaka ya karibuni lipo kwenye betri, na muuzaji wa dukani hakutajii kwa sababu halionekani. Betri za lithiamu tulizozizoea, ule upande wake hasi umetengenezwa kwa grafaiti. Silikoni inaweza kubeba lithiamu karibu mara kumi ya grafaiti kwa uzito ule ule, hilo wanasayansi wanalijua zamani. Tatizo lake ni kwamba ikijaa inavimba mpaka karibu mara tatu, ikitoka inasinyaa, na baada ya muda mfupi inapasuka vipande na betri imekufa. Walichofanya ni kuichanganya silikoni na kaboni, kaboni iwe kama mfupa wa kuishikilia isivimbe hovyo. Honor waliitoa 2023 kwenye Magic5 Pro ya soko la China. Mwaka uliofuata OnePlus 13 ikaja na 6,000 mAh, na kufikia 2025 simu za Kichina za 7,000 zikawa za kawaida, nazo unene wake haupishani sana na hiyo yako, ingawa kwa upana ni kubwa zaidi. Yaani kwa nafasi ile ile, chaji inayoingia ni nyingi zaidi. Kama hilo si jipya basi sijui jipya ni lipi. Cha kushangaza ni kwamba majina makubwa, wale wenye simu za milioni tatu na kuendelea, ndio waliochelewa kulifuata.

La pili ni miaka ya apdeti. Google walianza na Pixel 8 mwaka 2023, wakaahidi miaka saba. Samsung wakafuata na S24 mwanzoni mwa 2024. Simu yako ilitoka na Android 11, ahadi yake ilikuwa matoleo manne ya Android, kwa hiyo imefika 15 na hapo ndio kituo chake. Wengi hawajali mpaka siku programu ya benki inapogoma kufunguka. Kwa sisi tunaonunua simu zilizokwisha kutumika, zile za kutoka Dubai, ahadi hii ni kubwa kuliko kamera yoyote. Simu yenye miaka mitatu sokoni ukiinunua leo ina miaka minne mbele yake. Zamani ulikuwa unanunua marehemu.

La tatu limetokea chini kabisa, kwenye simu za laki mbili na laki tatu. Nilipoanza kazi, simu janja ya bei hiyo ilikuwa adhabu. Kioo ukigusa huku kinajibu kule, hifadhi inajaa kwa WhatsApp peke yake, chaji saa nne asubuhi imekwisha. Leo Tecno au Infinix ya bei hiyo ina betri ya 5,000, kioo kikubwa kinachosomeka juani, alama ya kidole pembeni, laini mbili. Mama anayeuza vitenge mtaa wa pili kutoka kwangu anapiga picha mzigo, anaziweka stetasi, wateja wa Mbeya wanaagiza. Simu aliyokuwa nayo miaka minane iliyopita isingeweza. Kwake yeye simu mpya ina jipya tele. Ukimwambia ubunifu umekufa atakucheka.

Kamera za usiku nazo nisizisahau. Pixel 3 ya 2018 ilipopata ile njia ya kupiga picha gizani, ambapo simu inapiga picha nyingi haraka haraka na kuziunganisha kuwa moja, nilidhani mteja ananidanganya. Alinionyesha picha ya watu wamekaa kibarazani usiku, umeme umekatika, nyuso zote zinaonekana. Leo hata simu za laki nne zinafanya hivyo kwa kiasi chake. Ila kutoka 2021 kuja leo? Kwa simu za daraja lako tofauti utaiona ukikuza picha kwenye kompyuta, au ukiwa unapiga kitu cha mbali sana. Kama si kazi yako, achana nayo.

Mdau mmoja huko juu ameuliza kuhusu simu za kukunja. Nilinunua moja, jina naliacha. Mteja wangu alikuwa anaiuza kwa shida ya hela, mimi nikaona nimepata bahati ya mwaka. Miezi saba niliringa nayo. Ukiifungua ni kama kitabu, natazama michoro ya bodi bila kukuza, raha tupu. Mwezi wa nane, asubuhi moja imelala mezani tu, hakuna aliyeigusa, ukatokea mstari mweusi kwenye mkunjo. Jioni nusu ya kioo ilikuwa imezima. Bei ya kioo cha ndani, hata kwangu ninayenunua kwa bei ya mafundi, ingeninunulia simu nzuri mpya na chenji ikabaki. Naiheshimu teknolojia yake, kutengeneza kioo kinachokunjika ni kazi kweli kweli. Lakini vumbi letu hili la Dar na bawaba ndogo kama ile, mimi nimeshajifunza. Sijaitengeneza mpaka leo.

Na akili unde (AI), ambayo ndiyo tangazo la kila simu sasa. S24 ilipokuja na kutafsiri mazungumzo ya simu papo hapo, ilianza na lugha 13, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou, China, aendelee na Kiingereza chake. Kile cha kuzungushia kitu duara kwenye kioo na kukitafuta, hicho nakitumia kila siku, mteja akinitumia picha ya kifaa nisichokijua nakizungushia. Ila sikiliza hapa: kilishuka kwa apdeti mpaka kwenye S21. Unacho tayari. Bonyeza kitufe cha nyumbani uendelee kushikilia, ukishindwa njoo nikuonyeshe. Baadhi ya hayo mambo yanafanyikia kwenye mitambo ya kampuni huko mbali, si ndani ya simu, ndiyo maana sioni sababu ya kulipia simu mpya kwa ajili yake.

Kuna jipya jingine ambalo halimnufaishi mnunuzi hata kidogo. Kuna simu ukibadilisha betri, hata ukiweka betri halisi uliyoitoa kwenye simu nyingine ya aina hiyo hiyo, inaandika kwamba haikitambui kifaa. Betri ni nzima, inafanya kazi, ila mteja akisoma ule ujumbe ananiangalia mimi kama mwizi. Na zile za mkopo zinazojifunga zenyewe usipolipa ya siku. Ubunifu upo, mkuu, swali ni umeelekezwa kwa nani.

Mara nyingi huwa nawakumbusha vijana kitu kimoja kuhusu mwaka 2007. Januari Steve Jobs alisimama San Francisco akaionyesha iPhone. Machi Safaricom wakazindua M-Pesa kule Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta kwetu. Kilichobadilisha maisha ya bibi yangu si kile cha San Francisco. Kilikuwa cha pili, na kilikuja juu ya kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe alichokuwa nacho tayari, bila kununua kitu kipya hata kimoja. Tangu hapo nikiona simu mpya huwa sijiulizi ina nini, najiuliza itamfanyia nini huyu aliyesimama mbele yangu.

Na wewe uliyesimama mbele yangu tatizo lako ni chaji. Betri ya 2021 ikitumika kila siku hadi leo lazima iwe imechoka, hilo si kosa la simu. Badilisha betri, uhakikishe ni ya maana, usiweke ile ya bei ya maandazi, maana nyingine zimeandikwa 5,000 ndani hamna hata 3,000. Fundi akifungua mgongo mwambie asafishe na tundu la chaji, pamba ya mfukoni huwa imejaa humo. Gundi mpya aweke, lakini ukishafunguliwa usiamini tena habari ya kuzuia maji, bafuni usiingie nayo. Hiyo kazi haifiki laki moja na nusu. Utapata mwaka, pengine miwili. Jambo la kukusukuma kuhama ni ulinzi: apdeti za usalama za simu yako zilipangiwa miaka mitano tangu itoke, na miaka mitano ya S21 inaishia mwanzoni mwa 2026. Kama unafanyia miamala mikubwa, hilo lipime.

Ukiamua kuhama, angalia vitu viwili kabla ya kamera: betri ina mAh ngapi, na apdeti zimebaki miaka mingapi, ukihesabu kuanzia toleo hilo lilipoingia sokoni, si siku unayonunua. Piga *#06#, hakikisha namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zinafanana na za kwenye boksi. Waliokuwepo Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano hapa Tanzania, walipozima simu bandia wanajua kwa nini nasema hivi, siku hiyo watu walijaa mezani kwangu wakidhani naweza kuzifufua.

Na yule dada aliyeuliza simu ya kumnunulia mama yake aliyepo Ifakara, ambako umeme unakatika siku mbili: mama anataka kupiga, kupokea hela na kusikiliza redio. Kiswaswadu cha laini mbili chenye tochi, basi. Mwandikie namba za watoto kwenye vitufe vya kupiga haraka, wewe namba mbili, kaka yako namba tatu.