Nani aliwaletea Wakorea Ukristo? Barua kwa mwanangu aliyeko Daejeon

Mwanangu Elia,

Marahaba. Huku wote wazima, na mama yako anauliza kama baridi ya huko imeanza kupungua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema usiku ukichungulia dirishani unaona misalaba ya taa nyekundu juu ya majengo, huu hapa, ule pale, mpaka macho yanachoka. Ukaniuliza: "Baba, hawa Mzungu hakuwatawala hata siku moja. Ukristo wameupatia wapi? Nani aliwalazimisha?" Halafu ukaongeza kwamba bibi mwenye nyumba anataka uende naye kwenye sala ya alfajiri, nawe hujui umjibuje. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu na Korea haikuwamo kwenye mtaala wetu, kwa hiyo haya niliyasoma mwenyewe, kwa raha zangu, baada ya kuweka chaki chini.

Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyewaletea, waliufuata. Jibu refu linaanzia kwenye ukoo mmoja, na unistahimilie, maana hapo ndipo penye utamu.

Karne ya 18 Korea ilikuwa ufalme wa Joseon, na ilikuwa imejifungia. Mgeni haingii, mwenyeji hatoki, isipokuwa wajumbe wachache wa serikali, hasa ule ujumbe uliokwenda Beijing kila mwaka kumsujudia mfalme wa China. Wajumbe walirudi na vitabu, vikiwemo vile mapadri Wakatoliki wa shirika la Wajesuiti walioishi Beijing walivyoviandika kwa Kichina: vya hesabu, vya nyota, vya dini. Vijana wasomi waliochoshwa na mabishano yasiyoisha ya Ukonfusio, mafundisho ya Kichina ya adabu na utawala, wakaanza kuvisoma na kuvijadili. Mmoja wao aliitwa Yi Byeok. Dada yake alikuwa ameolewa na kaka mkubwa wa akina Jeong, ndio ukoo wenyewe niliousema, na dada wa akina Jeong alikuwa ameolewa na kijana mwingine, Yi Seung-hun. Yaani ni mambo ya mashemeji. Mwishoni mwa 1783 Yi Seung-hun akapata nafasi ya kumsindikiza baba yake katika ujumbe wa Beijing, na Yi Byeok akamwagiza awatafute hao mapadri, aulize kila kitu, abatizwe. Akabatizwa mwanzoni mwa 1784, akapewa jina la Petro, akarudi nyumbani na vitabu na misalaba, akawabatiza wenzake.

Kanisa likaanza hivyo, nchini hakuna padri hata mmoja. Kuna wakati waliteuana wenyewe kuwa mapadri, wakaadhimisha misa kwa kufuata walichosoma, mpaka walipoambiwa kutoka Beijing kwamba jambo hilo haliruhusiwi. Padri wa kwanza, Mchina aitwaye Zhou Wenmo, aliingia kwa kificho mwishoni mwa 1794. Alikuta waumini maelfu wanamsubiri.

Balaa lilitoka kwenye matambiko. Sisi wa Old Moshi, Kilimanjaro, hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Kwa Wakorea, jina la marehemu huandikwa kwenye kibao cha mti, na mbele ya kibao hicho ndipo chakula cha tambiko kinapoandaliwa. Mwaka 1791 Yun Ji-chung, binamu wa akina Jeong, alifiwa na mama yake. Alimlilia, akamzika kwa heshima zote, lakini kibao hakukitengeneza, na vile vya mababu akavichoma moto. Serikali ikasema: mtu asiyemheshimu mzazi wake aliyelala, mfalme atamheshimu kwa lipi? Akauawa mjini Jeonju pamoja na binamu yake mwingine, Kwon Sang-yeon.

Mwaka 1801 serikali ikawashukia Wakristo, na ukoo mzima wa akina Jeong ukasambaratika. Jeong Yak-jong, aliyeandika katekisimu ya kwanza kwa herufi za Kikorea, alikatwa kichwa. Yi Seung-hun, pamoja na kwamba alikuwa ameikana imani zaidi ya mara moja, naye alikatwa kichwa. Ndugu wawili wa Yak-jong walioachana na dini walihamishwa: Jeong Yak-jeon alipelekwa kisiwa cha Heuksan, akakaa na wavuvi akaandika kitabu kizima cha samaki (hiki natamani sana kukiona), na Jeong Yak-yong alikaa uhamishoni miaka 18 akiandika juu ya utawala bora, hata leo Wakorea wanamhesabu miongoni mwa wanazuoni wao wakubwa kabisa. Mume wa mpwa wao, Hwang Sa-yeong, alijificha pangoni akaandika kwenye kitambaa cha hariri barua ya kuomba meli za kivita za Wazungu zije kuwatetea waumini. Barua ilikamatwa kabla haijavuka mpaka. Sina ubishi kwamba huyu aliwaponza wenzake: kuanzia hapo serikali ilikuwa na ushahidi mkononi kwamba Mkristo ni msaliti. Yak-jong aliacha mtoto mdogo, Jeong Ha-sang. Huyo alipokua alikwenda Beijing tena na tena kama mtumishi wa wajumbe, akaomba mapadri, akamwandikia Papa. Mapadri Wafaransa wakaja. Naye akauawa mwaka 1839.

Waliobaki walikimbilia milimani wakawa wafinyanzi. Yale magudulia makubwa ya udongo ya kuhifadhia kimchi, ile kabichi yao iliyochachushwa, ambayo bila shaka umeyaona kwenye vibaraza vya wazee, ndiyo waliyoyafinyanga. Muuza magudulia huzunguka kijiji hadi kijiji na mzigo mgongoni na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi, basi ndivyo habari zilivyosafiri. Mateso makubwa kuliko yote yalikuja 1866, watu wakafa kwa maelfu. Yohane Paulo II alipokwenda Seoul mwaka 1984 aliwatangaza watakatifu 103 kwa mpigo. Mashahidi wa Uganda unawajua tangu utotoni, nao walifundishwa na wamisionari waliokuwa palepale Buganda. Hawa wa mwanzo wa Korea waliuawa kwa jambo walilolisoma.

Waprotestanti nao ni hadithi ileile kwa njia nyingine. Mskoti John Ross alikuwa Manchuria, upande wa China, na Korea haruhusiwi kuingia. Akawapata wafanyabiashara Wakorea waliovuka mpaka, akiwemo Seo Sang-ryun aliyekuwa akiuza jinseng, mizizi ya dawa, wakatafsiri naye. Injili ya Luka na ya Yohana zilichapishwa mwaka 1882, na Agano Jipya lote 1887. Seo akarudi kwao na vitabu, akaanza kukusanya watu. Huko Japani nako, Mkorea Yi Su-jeong akatafsiri Marko. Kwa hiyo Wamarekani Underwood na Appenzeller waliposhuka Incheon siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1885, walishuka na Injili ambayo wenyeji walishaitafsiri, na haukupita muda wakawakuta watu wanaoomba kubatizwa.

Sasa itazame hiyo tarehe. Wiki chache kabla yake, Februari 1885, Mjerumani Carl Peters alikuwa amepewa hati ya Kaisari wa Ujerumani juu ya nchi yetu, Tanganyika, kwa mikataba unayoijua ilivyopatikana. Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walipopanda Kilimanjaro mwaka 1893 walikuta bendera imeshatangulia, na mwaka 1900 serikali ya bendera hiyohiyo ilimnyonga Mangi Meli, chifu wetu. Babu zako walibatizwa na watu wa taifa la mnyongaji. Sisemi kwamba wachungaji wale walikuwa waovu, na shule zao ndizo zilizonisomesha. Nasema tu kwamba kwetu padri, mchungaji na bwana shauri walifanana sura, na swali lako la nani aliwalazimisha limezaliwa hapo.

Korea aliyeitawala ni Mjapani, na hakuja na msalaba. Aliinyang'anya mamlaka mwaka 1905, akaimeza moja kwa moja 1910. Mmisionari akawa mgeni asiyetawala, mwenye shule na hospitali, na kanisa likawa moja ya sehemu chache ambako Wakorea waliweza kukusanyika, kuchagua viongozi na kuendesha mambo kwa lugha yao. Tarehe 1 Machi 1919 waliposoma tangazo la uhuru, watu 33 walikuwa wamelitia sahihi, na 16 kati yao walikuwa Wakristo. Wakati huo Wakristo wote hawakufika hata watatu katika kila watu mia. Mwezi uliofuata, kijijini Jeam-ri, askari wa Kijapani waliwaita wanaume kanisani, wakawafyatulia risasi na kulichoma kanisa. Yu Gwan-sun, msichana wa shule ya Kimethodisti ya Ewha, alifia gerezani Seoul mwaka 1920. Baada ya hayo, nani angemwambia Mkorea kwamba hii ni dini ya wavamizi?

Jambo jingine ni herufi. Mfalme Sejong alitangaza herufi za Kikorea mwaka 1446, nyepesi mtu kuzijua kwa siku chache, lakini wakubwa walizidharau, wakaendelea na Kichina na kuziachia wanawake na watu wa chini. Biblia ilichapishwa kwa herufi hizohizo. Mama aliyekuwa hajawahi kuulizwa maoni yake na mtu yeyote akawa na kitabu anachokisoma mwenyewe, na wapo waliolipwa kuzunguka vijijini wakikiuza na kuwafundisha wenzao kusoma. Tena kuanzia 1890 wamisionari walifuata ushauri wa mwenzao John Nevius: kanisa lijengwe kwa fedha za wenyeji, liongozwe na wenyeji, lihubiriwe na wenyeji. Siku nikisikia usharika wetu unasubiri tena mfadhili wa Ulaya aezeke paa, namkumbuka huyo bwana.

Usidhani basi wote walikuwa mashujaa. Miaka ya 1930 Wajapani walilazimisha kila mtu kuinama mbele ya mahekalu ya Shinto, dini yao ya jadi. Mwaka 1938 Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri, dhehebu la Kiprotestanti, polisi wakiwa wameketi katikati ya wajumbe, ulipitisha kwamba kuinama si ibada, ni uzalendo tu. Mchungaji Ju Gi-cheol alikataa, akafia gerezani Pyongyang mwaka 1944. Jambo hilo liliwapasua na makovu yapo.

Ndiyo, Pyongyang, huo ambao leo ni mji mkuu wa Korea Kaskazini. Huko ndiko Ukristo ulikokuwa na nguvu, mji uliitwa Yerusalemu ya Mashariki, na uamsho mkubwa wa 1907 ulitokea huko. Hata mama yake Kim Il-sung, mwasisi wa Korea Kaskazini ya kikomunisti, alitoka katika familia ya Kikristo. Nchi ilipogawanywa 1945 na vita vikaja 1950, Wakristo kwa maelfu walikimbilia kusini na chuki yao kwa ukomunisti, wakaanzisha makanisa ya wakimbizi kama Young Nak la Seoul.

Kisha vikaja viwanda. Vijana walimiminika Seoul kutoka mashambani, hawana ndugu, na kanisa likawapa ndugu. Mwaka 1958 Cho Yonggi na Choi Ja-shil, aliyekuja kuwa mama mkwe wake, walianza ibada kwenye hema, na kanisa hilo la Yoido likaja kuwa na waumini mamia ya maelfu, likienda kwa vikundi vidogo vya majumbani ambavyo vingi viliongozwa na akina mama. Wakristo wengine walisimama na wafanyakazi dhidi ya wanajeshi waliotawala. Juni 1987 wanafunzi walijificha kwenye Kanisa Kuu la Myeongdong, na Kardinali Kim Sou-hwan akawaambia wakubwa wa serikali kwamba wakija kuwachukua watampita yeye kwanza, halafu mapadri, halafu masista. Hawakuja.

Hiyo misalaba unayoiona, kwa hiyo, isikudanganye. Sensa ya 2015 ilionyesha Waprotestanti karibu asilimia 20, Wakatoliki karibu 8, na zaidi ya nusu ya watu hawana dini yoyote. Cho huyohuyo alitiwa hatiani mwaka 2014 kwa kulitia kanisa lake hasara ya mabilioni ya won, fedha ya Korea. Yapo makanisa makubwa ambako baba amemrithisha mwanawe mimbari kama duka. Mimi naona kanisa lile lilikua lilipokuwa upande wa aliyenyang'anywa, na vijana wanaondoka sasa kwa sababu wanaliona limekaa upande wa wenye nacho. Wenzako wa darasani wanaweza kukupa sababu nyingine, wasikilize.

Kuhusu bibi, nenda. Sala ya alfajiri ni yao wenyewe, haikutoka Marekani. Aliyeieneza ni Gil Seon-ju wa Pyongyang, mmoja wa wale 16 wa mwaka 1919, ambaye kabla ya kuwa Mkristo alikuwa mtu wa sala za usiku na mazoezi ya Kitao, dini ya kale ya Kichina. Mtaanza kama saa kumi na moja, kwa hiyo lala mapema. Wataomba wote kwa sauti kwa wakati mmoja, usishtuke. Wakikupa fomu ya kujiunga, waambie kwa adabu kwamba una usharika wako. Bibi akiwa na asili ya kaskazini usimchokonoe, mwache aanze mwenyewe. Na hebu tazama humo ndani kuna vijana wangapi wa umri wako, uniandikie.

Baba yako