Mashine Inayoanguka Ikijisikia

Barua za wiki hii zinalia ugonjwa mmoja: mashine inapiga kazi siku mbili, ya tatu inaanguka, ikifikishwa kwa fundi inawaka kama haijawahi kuumwa.

Nina stesheneri Kirumba. Kompyuta inaleta skrini ya bluu mara moja moja. Fundi amenipigia Windows mara tatu na bado. Ninunue nyingine?

Usinunue kwanza, dada. Kupiga Windows mara tatu ni kumfulia mgonjwa shati. Tena kila mara folda ya Minidump, iliyomo ndani ya folda ya Windows na inayotunza kumbukumbu ya kila anguko, imefutwa na ushahidi wake. Ikianguka tena, piga picha skrini kwa simu. Unachotafuta ni yale maneno ya herufi kubwa. Kusanya picha tano. Zikitaja draiva ileile (programu inayoendesha kifaa fulani), mbane huyo. Zikitofautiana, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho jina jingine kabisa, mimi naanza na rami, kumbukumbu ya muda ya kompyuta: chomoa kijiti kimoja, fanya kazi siku kadhaa, kisha badilisha. Usiku iache na Memtest86+, programu ya kupima rami, kwenye flashi hadi asubuhi. Kosa moja tu linatosha kuihukumu rami, lakini sifuri haiisafishi.

Fungua na kasha pia. Kibanda kinachotazama mwalo, vile vijidudu vya ziwani vikitua jioni kwenye taa, feni inavimeza. Niliwahi kuchokonoa donge lao lililoshikana na vumbi, unene wa kiganja. Ila joto kwa kawaida huizima mashine ghafla, bila hata hiyo bluu.

Seva yetu ya Linux hapa Igoma inaganda usiku. Asubuhi logi, daftari lake la matukio, haina kitu.

Kerneli, kiini cha Linux, ikishapaniki, yaani ikikwama kwa kosa isiloweza kulivuka, haiiamini tena njia ya kuandikia diski, ndiyo maana mistari ya mwisho hupotea. Anza na `journalctl -k -b -1`, ambayo huonyesha ujumbe wa kerneli wa mara iliyopita mashine ilipowaka. Ikikujibu haina, tengeneza folda ya /var/log/journal na uwashe mashine upya. Mistari ya mwisho ikikosekana bado, washa netconsole: kerneli itakuwa inarusha ujumbe wake kwa waya wa mtandao hadi kompyuta ya jirani, nayo inaandika hadi pumzi ya mwisho. Mwenye rami ya kutosha aweke kdump. Hapo kerneli ndogo ya akiba huamka ile kubwa ikifa, ikahifadhi kilichokuwa kwenye kumbukumbu.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika draiva yangu. Inaangusha kerneli, lakini nikiongeza printk, amri ya kuandika ujumbe kwenye logi, ili nione kosa, haianguki tena!

Marahaba. Basi kosa umeshaliona, kijana: ni la kazi mbili kugongana kwa wakati mmoja. Chukulia vijana wawili kwenye mzani wa dagaa, daftari moja. Wote wanasoma kilo 40, kila mmoja anajumlisha 10 kichwani, kila mmoja anaandika 50. Kilo 10 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba. Printk yako inamchelewesha mmoja, hivyo hawagongani. Usiiache humo ukasema umepona! Jenga kerneli yenye KCSAN, kinasa migongano kilichoingia Linux 5.8 mwaka 2020 kwa kazi hiyohiyo, na KASAN, kinasa kingine, kwa anayegusa kumbukumbu iliyokwisha rudishwa. Itakuwa nzito kama kivuko kilichojaa. Vumilia. Kisha weka kufuli, ili mmoja amalize ndipo mwingine aingie, mahali pa kusoma, siyo pa kuandika tu.

Fundi amebadilisha rami, siku mbili kimya. Nimmalizie hela yake?

Kabla ya hapo ilikuwa inaanguka kila baada ya muda gani? Kama ni wastani wa siku mbili, kimya cha siku mbili hakijasema lolote. Subiri mara tatu ya wastani, yaani siku sita, kwa kazi ileile na mzigo uleule. Hata ugonjwa ungekuwapo, kukaa kimya muda wote huo kwa bahati ni kama mara 5 katika 100. Mpe nusu leo, nyingine mmalizie wiki ijayo.