Hapsikodi inachosha masikio? Punguza sauti, kisha msikilize Royer

Ndugu, umeuliza kwa nini hapsikodi (kinanda cha kale ambacho nyaya zake hudonolewa) inakuchosha masikio haraka, na baada ya Bach umsikilize nani. Punguza sauti kwanza: chombo chenyewe kina sauti ndogo, ila rekodi nyingi hupandishwa hadi kulingana na piano. Epuka pia MP3 ya 128 kbps, yaani faili ya sauti iliyobanwa sana. Kwa kubanwa huko, kila waya unapodonolewa, unatanguliwa na mchakacho. Tafuta FLAC, faili iliyobanwa bila kupoteza sauti.

Kisha Royer, mtunzi Mfaransa wa karne ya 18, na kitabu chake cha vipande vya hapsikodi cha 1746. Sikiliza "Le Vertigo" ikipigwa na Christophe Rousset, halafu Jean Rondeau: noti zinagongwa kwa mafungu, zinakatika ghafla, zinarudi kwa hasira. Muziki wa ajabu kabisa! Ukiifuatisha kwa kinanda cha umeme, shusha nusu toni moja kama noti ya A (la) kwenye rekodi ni 415 Hz badala ya 440 ya kawaida, mbili ikiwa 392.