Nauli yangu naipeleka Saumur

Mhariri ameuliza wiki hii: ni tamasha gani la chakula au kinywaji huko ng'ambo linalostahili nauli ya msomaji? Langu ni La Dive Bouteille, maonyesho ya divai asilia, yaani iliyoachwa ichachuke yenyewe bila viongezo au kwa vichache sana, yanayofanyika Saumur, bonde la mto Loire, Ufaransa, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Yalianza mwaka 1999, enzi ambapo wakulima wa aina hii walionekana wakaidi tu. Mimi nahudumu mgahawani Nantes na bosi hunituma nikamtafutie chupa mpya. Nasema hivyo kwa sababu maonyesho haya ni ya watu wa biashara kwanza. Asiye na kazi ya divai aulize mapema kabla ya kukata tiketi ya treni.

Usitarajie jukwaa wala muziki. Ni mapango ya kampuni ya Ackerman, iliyoanzishwa 1811, ndani ya jiwe laini la chokaa waliitalo tuffeau, lilelile lililojenga makasri ya Loire. Kuna ubaridi wa kudumu humo, vaa sweta. Wakulima wamejipanga nyuma ya mapipa, na anayekumiminia, mara nyingi, ndiye aliyeipogoa mizabibu na kuzichuma zabibu. Dukani utamuuliza nani?

Na maswali yapo, maana lebo haisemi mengi. Sheria za Ulaya zinaruhusu salfaiti, yaani salfa inayotiwa ili divai isiharibike, hadi miligramu 150 kwa lita katika divai nyekundu kavu na 200 katika nyeupe, bila kutaja hamira za kununua na viongezo vingine. Kwa miaka mingi neno "asilia" halikuwa na kipimo chochote. Mwaka 2020 ndipo Ufaransa ikapata alama ya Vin Méthode Nature: zabibu za kilimo hai zilizochumwa kwa mkono, hamira ya shambani, na salfaiti zisizozidi miligramu 30, au zisizoongezwa kabisa. Ni hiari, na wengi hawajajiunga.

Kwa mtu wa Kaloleni kama mimi, kinywaji kinachochachuka chenyewe si ajabu. Mnazi wa asubuhi mtamu, wa jioni mkali, na hakuna aliyetia hamira. Ila wahenga wetu walishaonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Saumur sifa zimezidi. Nimeonja pale divai zilizoharibika waziwazi, na watu wanatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba uchachu wa siki ni falsafa.

Kasoro mbaya kuliko zote wenyewe huiita ladha ya panya. Huinusi glasini. Unaonja, unatema, unaanza kusifia, kisha baada ya muda kidogo kinywa kinajaa harufu ya kizimba cha panya. Husababishwa na bakteria, au na hamira fulani, na viini vyake havipandi puani mpaka vikutane na mate, ambayo hayana asidi kali kama ya divai. Divai isiyotiwa salfa kabisa ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kibaya zaidi, wapo wasioihisi hata chembe, wakiwemo baadhi ya wanaoitengeneza. Kwa hiyo usikimbilie meza inayofuata. Ngoja kidogo, ukimwangalia mkulima usoni.

Swali langu ni lilelile: salfa umetia, lini, kiasi gani? Mmoja alinijibu bila aibu kwamba hutia kidogo anapojaza chupa, kwa sababu chupa zake husafiri mbali na hataki zifike zimekufa. Nyeupe yake, ya zabibu za Chenin, ilikuwa safi, yenye chumvichumvi na harufu ya tofaa lililoiva. Jirani yake alinihutubia kuhusu mwezi na nyota, na glasi yake ilikuwa na panya. Tuliagiza kwa yule wa kwanza.

Kula vizuri kabla ya kuingia, anza na nyeupe, na tema kila funda kwenye ndoo, hata lile tamu. Hasa lile tamu, maana mapipa ni mamia na ngazi za mapango zina unyevu.