Tommy Douglas hakuwahi kuwa Waziri Mkuu wa Kanada

Ndugu, umeuliza Tommy Douglas alikuwa Waziri Mkuu wa Kanada mwaka gani. Hakuwahi. Alikuwa waziri kiongozi wa jimbo moja tu, Saskatchewan, kuanzia 1944 hadi 1961.

Alizaliwa Scotland mwaka 1904, akahamia Kanada utotoni. Huko Winnipeg, ugonjwa wa mfupa nusura umkatishe mguu, kwa kuwa wazazi hawakuwa na pesa. Daktari bingwa mmoja akamtibu bila malipo. Baadaye alisema mguu wa mtoto usitegemee bahati ya namna hiyo, na nadhani siasa zake zote zinaanzia hapo.

Akawa mchungaji wa Kibaptisti mjini Weyburn wakati wa ukame na njaa ya miaka ya 1930, akaingia bunge la shirikisho 1935. Mwaka 1944 chama chake cha mrengo wa kushoto, CCF, kilizoa viti 47 kati ya 52 vya jimbo. Bima ya hospitali kwa wote ilianza 1947. Bima ya kulipia madaktari ilianza Julai 1962, yeye ameshaondoka. Mrithi wake, Woodrow Lloyd, ndiye aliyebeba mzigo wa mgomo wa siku 23 wa madaktari walioipinga bima hiyo. (Huyu Lloyd watu wanamsahau mno.)

Kitaifa mambo yalikuwa magumu. Aliongoza NDP, chama kilichorithi CCF, 1961 hadi 1971 bila kushika serikali, na 1962 alishindwa ubunge mjini Regina, makao makuu ya Saskatchewan, jimbo lake mwenyewe! Ilibidi agombee upya British Columbia.